Mashimo ya Malindi: kutoka mdomo wa Sabaki hadi tope la Mida

Ijumaa, Sabaki

Masika yameshika. Imenyesha usiku kucha, na asubuhi hii bahari iliyo mbele ya mji haina hata chembe ya samawati. Imejaa wekundu hadi macho yanapokomea. Wenye hoteli hawaipendi miezi hii. Mimi ndiyo niliyokuwa nikiingojea, maana nilitaka kuanza na udongo unaokimbia kabla sijaenda kuutazama ule unaokaa.

Bodaboda imenishusha darajani, kilomita chache kaskazini ya mji. Mto huu huko juu unaitwa Athi, ukikata mbuga ya Tsavo Mashariki unaitwa Galana, na ukifika kwetu ndio Sabaki. Njia nzima unazoa. Leo umefura pomoni, umebeba magogo, matete, jerikeni lililopasuka, na tope zito ambalo ukilichota kwa kiganja linabaki kwenye mistari ya mkono hata maji yakishamwagika. Kijana aliyekuwa akichunga mbuzi alikuja kusimama nami ukingoni.

"Dada," akasema, "hayo ni mashamba ya watu yanapita."

Hakukosea hata kidogo. Na swali lililonitoa nyumbani ndilo hilo: kwa nini tone la mvua likianguka hapa linazama, na likianguka pale linakimbia na shamba la mtu? Mteremko una sehemu yake, na aina ya udongo pia. Lakini kuna jambo ambalo hatulipi uzito, nalo ni mashimo. Ardhi iliyokanyagwa na mifugo kisha ikaachwa uchi hufunga ukoko juu. Matone huipigapiga, chembe laini zikaziba vitundu, na maji yakikosa pa kuingilia yanateremka na chochote kilicholegea. Ardhi iliyotobolewa na mchwa, nyungunyungu, mbawakawa na mizizi iliyooza hunywa. Na hao wenye kuitoboa ni viumbe ambao wengi wetu tukiwaona tunatafuta dawa ya kupulizia au kandambili.

Nimetembea hadi mto unapoingia baharini. Kwenye mchanga mkavu walikuwapo mwanamizi, wale kaa wa ufukweni, wakichimba: wanatoka na mchanga wameukumbatia kwa miguu ya upande mmoja, wanautupa, wanasimama kukutazama, wanazama tena. Mashimo yao huenda chini kwa mshazari mpaka kwenye unyevu, kwa sababu mchanga mkavu haushiki ukuta. Kazi ya bure, ukiniuliza. Upepo wa mchana unafuta kila kitu. Lakini wao hawakunialika nitoe maoni.

Sehemu ya udongo wa mto huu hufika kusini, hadi kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, na kutua juu ya matumbawe, ambayo bila mwanga hayaishi.

Jumamosi, Arabuko-Sokoke

Matatu hadi Gede, kisha kwa miguu hadi kituo cha msitu. Kiongozi niliyepewa ni mzaliwa wa hapa, na neno lake la kwanza lilinipendeza: "Wageni wote hutembea humu shingo juu, wanatafuta ndege. Wewe leo inama."

Nikainama. Msitu huu una takriban kilomita za mraba 420, ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyosalia Afrika Mashariki, na udongo ndio ulioupanga. Upande wa bahari miti imechanganyika. Katikati kuna miti ya mirihi juu ya mchanga mweupe. Magharibi kuna udongo mwekundu wenye miti ya jamii ya Cynometra, imesongamana hata mtu hapenyi bila panga. Ukivuka kutoka ukanda mmoja hadi mwingine, hata mlio wa kiatu unabadilika.

Mvua imewatoa jongoo. Wako kila mahali njiani, weusi wanaong'aa, wengine shubiri nzima na ziada. Nilichuchumaa kwa mmoja aliyekuwa akila jani lililolowa. Haumi akakata; anakwangua kuanzia ukingoni, polepole, na akisogea miguu inakwenda kwa mawimbi yanayoanzia nyuma kuelekea kichwani. Nyuma yake ameacha vipunje vyeusi. Sehemu kubwa ya jani analokula humpitia tu na kutoka ikiwa imesagwa, na hapo ndipo penye faida: jani gumu ambalo lingekaa muda mrefu limekuwa unga wenye unyevu, na kuvu na bakteria wanaingia kazini mara moja. Usipomponda jongoo, amekufanyia nusu ya kazi ya mboji.

Sengi, mnyama mdogo wa msituni, tulimsikia kabla ya kumwona. Kiongozi aliinua mkono, tukaganda. Majani makavu yalikuwa yakichakarishwa kwa vipindi, kisha kimya, kisha tena. Akajitokeza, miguu myembamba, makalio ya rangi ya dhahabu, pua ndefu ikipekuapekua chini ya majani. Ana uzito wa nusu kilo hivi. Huyu si mchimba handaki. Kiota chake ni kijishimo kifupi tu alichokichota ardhini na kukijaza majani makavu, na mtu asiyejua atadhani ni majani yaliyokusanywa na upepo. Lakini siku nzima anageuza takataka za msituni akitafuta wadudu, na kila anapopekua, jani na udongo vinachanganyika. Mmarekani Galen Rathbun aliwafuatilia sengi hawa hapa Gede miaka ya 1970, na mengi yanayojulikana kuhusu maisha yao yalianzia kwake. Karibu wote waliobaki duniani wamo katika msitu huu na vichaka vya jirani.

Mavi ya ndovu tuliyakuta kwenye njia ya magari, ya jana, kiongozi alikadiria. Akayapasua kwa kijiti. Ndani yametobolewa kila upande, na chini yake mbawakawa walikuwa wamekwisha kuzama ardhini. Wapo wanaoviringisha donge wakaenda nalo mbali, na wapo wavivu (au werevu) wanaochimba palepale chini ya mavi na kuyavutia ndani, watage humo. Pembeni kulikuwa na vilundo vya mchanga mbichi, mweupe kuliko ule wa juu: mchanga wa chini umepanda, mavi yameshuka. Mbolea imefukiwa bila jembe.

Mbele kidogo kuna tundu ambalo ningeweza kuingia mimi kwa kutambaa. "La mhanga," akasema, "lakini mhanga mwenyewe hayumo. Wako wengine." Mhanga huchimba usiku akitafuta mchwa na sisimizi, na akihama, tundu linapata wapangaji: ngiri, nungunungu, chatu. Sikuchungulia sana.

Jumapili, shambani nyuma ya Jilore

Mzee aliyenipokea ni Mgiriama, analima muhogo, mahindi na kunde, na pembeni ya muhogo ana kichuguu kinachonizidi kimo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Malindi kuja kutazama nyumba ya mchwa? Basi huko mjini hamna kazi."

Akachukua jembe akabomoa kipande cha ukubwa wa kiganja. Tukakaa kwenye kigogo kungoja. Kwanza wakatoka askari, vichwa vikubwa, wakajipanga kwenye mdomo wa tobo. Halafu wakaja wafanyakazi, kila mmoja ameshika punje moja ya udongo mbichi kinywani. Anafika ukingoni, anaiweka, anaibandika kwa mate, anaikandamiza kwa kichwa, anageuka. Nyuma yake yuko mwingine. Nilikuwa nimetegemea fujo. Hapakuwa na fujo yoyote. Kabla ya chai kuiva, tobo lilikuwa limepungua kwa kuonekana.

Ile punje ndiyo habari yenyewe. Shamba la mzee ni mchanga mwekundu unaopitisha maji upesi, lakini udongo wa kichuguu ni mfinyanzi. Mchwa wameufuata chini, kwenye unyevu, wakaupandisha kinywa kwa kinywa. Kichuguu kikifa na mvua ikakisambaza, mfinyanzi ule unaenea juu ya mchanga, na unashika maji na chumvi za madini ambazo mchanga ungeziachia. Ndiyo maana mzee amepanda maboga kukizunguka kichuguu kingine, cha zamani, ambacho hakina watu tena. Majani yake ni mapana na ya kijani kibichi, na hatua chache kutoka hapo mmea uleule umesinyaa. Mkewe huja kuchukua udongo wa hapo kukandikia sakafu. Hakuna mwingine, anasema, unaoshika vile.

Ndani ya kichuguu hai mna shamba jingine. Mchwa hawa hawawezi kuyeyusha miti na nyasi kavu peke yao. Wanazitafuna, wanazijengea masega, na juu yake wanaotesha kuvu ambayo ndiyo inayowalainishia chakula. Wanasayansi wanakadiria ukulima huo umeanza Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita, na sisi na jembe letu ni watoto wa juzi. Kuvu ile inapenda joto la karibu nyuzi 30, na sehemu ya kazi ya ukuta na mashimo ya ndani ni kulilinda joto hilo na kutoa hewa chafu. Mvua zikianza, kuvu inachomoza nje: ule uyoga mkubwa mweupe ambao watu huamka alfajiri kuuwahi. Na mvua hizohizo ndizo zinazowatoa kumbikumbi. Mzee hutega taa na beseni la maji usiku, asubuhi wanakaangwa kwa chumvi. "Nikikivunja kichuguu," akasema, "nitavunja na kitoweo?"

Wako wanaokivunja. Jirani yake mmoja amemwaga sumu kwa sababu mchwa walikula paa lake, na simlaumu mtu aliyeangukiwa na makuti. Ila mchwa wana jamii nyingi, na si kila mmoja ana haja na nyumba yako. Huko Laikipia, utafiti wa Robert Pringle na wenzake uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba mimea na wadudu hustawi zaidi karibu na vichuguu, na kwamba vichuguu kupangika kwa nafasi zinazolingana kunainua uzalishaji wa nyika nzima. Na Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo alipata sifa duniani kwa kufufua ardhi iliyokufa: alichimba vishimo wakati wa kiangazi, akatia samadi, akawaacha mchwa waifuate. Mchwa wakautoboa ukoko, mvua ilipokuja ikazama. Aliendelea hivyo hadi jangwa lake likawa msitu, na mwaka 2018 akatunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Nilimsimulia mzee. Alinisikiliza, akatema mate pembeni, akasema huyo bwana alikuwa na akili.

Kuhusu fuko hatukuelewana. Kuna mstari wa vilundo unaopita katikati ya muhogo, na mashina mawili yamelala, mizizi yake imetafunwa kutoka chini. Mimi naona udongo wa chini uliopandishwa na hewa iliyoingia. Yeye anaona muhogo wake. Ametega mtego, na mbele ya mtu aliyeliwa chakula mimi sina hotuba. Nilimwambia tu habari za fuko uchi wa nchi kavu za ndani, wale wasio na manyoya, ambao mtafiti Jennifer Jarvis alieleza mwaka 1981 kwamba wanaishi na malkia mmoja anayezaa na wengine wote watumishi wanaochimba kwa meno. Mzee akashukuru Mungu kwamba wa kwake huja mmoja mmoja.

Jumatatu, Gede

Mchana mfupi, mvua ilinifukuza. Magofu ya Gede yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na vikundi vya shule vimeongezeka. Kima wanazijua siku za safari za shule kuliko walimu.

Nilichokuja kutazama ni sakafu. Kuna kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399, na mji wenyewe ulihamwa karne ya 17. Wakati mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948, msitu ulikuwa umeshajimwaga juu ya kuta, na sakafu zilizotembelewa na watu zilikuwa chini ya udongo. Udongo ule haukuletwa na mto. Ni kuta zilizoporomoka, ni majani ya miaka mamia yaliyopita matumboni mwa jongoo na mchwa, ni mizizi, ni sisimizi wanaotoa punje chini na kuziacha juu.

Charles Darwin alilishughulikia jambo hili Uingereza, kwa nyungunyungu. Mwaka 1877, akiwa mzee, alikwenda Stonehenge kupima jinsi mawe yaliyoanguka yalivyozama, na 1881 akaeleza hesabu yake: sehemu nyingi za Uingereza, zaidi ya tani 10 za udongo mkavu kwa kila ekari hupita miilini mwa nyungunyungu kila mwaka na kuwekwa juu. Jiwe halijisogezi. Linachimbwa chini na kujazwa juu hadi limezama. Huku kwetu si nyungunyungu peke yao, na hesabu zake si za hapa, ila ukitazama ukingo wa ukuta wa Gede ulivyomezwa na ardhi, unaiamini njia.

Mlinzi mmoja alinionyesha vilundo vya sisimizi kando ya kisima na kuniambia kwamba shanga ndogo huonekana humo mara mojamoja baada ya mvua. Kwa wachimbaji wa mambo ya kale hiyo si bahati. Shanga iliyopandishwa na sisimizi, au iliyotumbukia kwenye tundu la panya, inadanganya tabaka za udongo wanazozisomea umri wa vitu. Unaweza kuikuta karne mbili mbali na mwenye kuivaa.

Jumanne, Mida

Bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Siku kama ya leo maji hupwa sana mnamo saa nne na saa tano asubuhi, na hori yote ya Mida inakuwa tope linalometa hadi kwenye mikoko. Hakuna mto unaomwaga humu. Maji baridi yanapenya chini kwa chini kutoka bara. Kwa hiyo tope hili halina Sabaki wa kulichanganya. Wa kulichanganya ni kaa.

Mvuvi wa kaa alikubali nimfuate kwa sharti kwamba nisipige kelele na nisimkanyagie mashimo. Kwanza tulipita uwanja wa kaa wadogo wenye gando moja kubwa. Dume analipunga kumwita jike, na analala njaa nusu kwa ajili yake, maana gando hilo halifai kulia. Anakula kwa lile dogo tu huku jike anatumia yote mawili. Nilisimama hadi wakanisahau. Mmoja alitoka, akaanza kuchota tope na kulitia kinywani, akachuja vijimea na bakteria, akatema kilichobaki kikiwa kidonge mviringo cha ukubwa wa punje ya mtama. Akasogea, akachota tena. Baada ya muda uwanja mzima ulikuwa umefunikwa vidonge, kila kaa na mistari yake iliyotoka shimoni. Bamvua moja tu, na uso wote wa tope umepita kinywani mwa mtu.

Ndani ya mikoko harufu inabadilika, yai bovu. Maji yamejaa kila kitundu cha tope, hewa haiingii, na bakteria wa humo wanaishi kwa kutumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni. Kinachotoka ni salfaidi, sumu kwa mizizi. Mchu, jamii moja ya miti hii, umejitafutia njia yake, umeotesha vijiti vya kupumulia kwenda juu. Mkoko wenyewe umeinua mizizi kama miguu. Lakini mvuvi alipochota bonge kando ya shimo na kulipasua kwa mikono, niliona msaada mwingine. Tope lote lilikuwa jeusi tititi, isipokuwa ukuta wa shimo: utando mwembamba wa rangi ya kutu, umezunguka tundu kutoka juu hadi chini. Hapo oksijeni imefika na chuma kimeshika kutu. Kila maji yakijaa na kupwa, shimo linasafishwa, na kutu hiyo inatembea na shimo popote linapokwenda.

Kuna watu waliotaka kujua mikoko ingekuwaje bila mashimo hayo. Queensland, Australia, watafiti waliwaondoa kaa kwenye vipande vya msitu wa mikoko, wakangoja. Matokeo yalichapishwa 1991: salfaidi na amonia ziliongezeka udongoni, na miti ilikua kidogo na kuzaa kidogo. Ningependa kila mradi wa kupanda mikoko usomewe hayo kabla ya kupiga picha.

Kaa mwenye magando mekundu alijitokeza chini ya mkoko, akalishika jani la njano lililoanguka, akalivuta kinyumenyume hadi tunduni. Likakwama. Akalizungusha, likaingia. Jani ambalo lingechukuliwa na maji hadi bahari kuu limebaki Mida. Upande wa pili konokono warefu walikuwa wamelizonga jani jingine, kumi na zaidi, limebaki mishipa. Nisiwapambe kaa hawa kupita kiasi: hula pia miche inayodondoka, na kina mama wanaopanda mikoko hapa wanajua ghadhabu ya kurudi na kukuta mstari mzima umetafunwa. Na hewa inayoingia kwenye shimo inaozesha baadhi ya kaboni ambayo tope lingeifungia. Shimo lina gharama zake.

Mvuvi alifika kwenye tundu pana, la kaa koko. Akaingiza ufito wenye chuma kilichopindwa nchani, taratibu, mkono ukazama hadi begani, shavu limegusa tope. Nikamuuliza kwa nini asichimbe tu kwa jembe, wengine nimewaona wakifanya hivyo.

"Nikichimba, leo nina kaa mmoja," akasema bila kuinua kichwa. "Nikiliacha tundu, bamvua lijalo kuna mwingine ameingia. Nyumba nzuri haikai tupu, dada. Hili nimelikuta kwa marehemu baba."

Akanyamaza, akasikilizia kwa vidole, kisha akatoa ufito mtupu. Hakuna mtu. Akaosha mkono kwenye dimbwi na kuniambia tuharakishe, maji yameshageuka na yapo mengine saba ya kubisha hodi kabla hayajajaa. Na kama nataka kaa, niseme mapema, maana hoteli zishampigia.